Makaburi Mawili ya Baba

Halima mdogo wangu,

Salamu zako nilizipata Garsen, pale kivukoni, kwa mke wa Mzee Guyo aliyekuwa ameleta maziwa. Alisema alikutana na watu wa Wenje, huko kwenu Juu ya mto, kwenye mnada wa ng'ombe, nao wakampa maneno yako: kwamba umeolewa, umejaliwa mtoto wa kike, na unauliza, Mama Mkubwa hajambo? Nilimwambia nitakuandikia. Sikuweza kulitamka jibu pale, watu wakipita na mizigo yao. Najua hukusoma, na barua hii utasomewa, pengine mbele ya mumeo na mjomba wako Athumani na majirani zako wote. Na isomwe. Humu hamna neno ambalo siwezi kulisema mbele ya watu wa Juu, wala mbele ya watu wa kanisa hapa kwetu Hewani.

Swali lako nitalijibu. Lakini nivumilie kwanza, nianzie pale tulipokuwa pamoja, maana hata wewe uliondoka kabla hujaona mwisho wake.

Unakumbuka siku mliyofika? Ilikuwa adhuhuri, jua linachoma, na Mama, huyo Mama Mkubwa wako, alikuwa ukingoni akisugua sufuria kwa mchanga. Tuliona mtumbwi ukishuka kutoka Juu, msichana mwembamba amesimama nyuma akisukuma pondo, na mbele yake mtu amelala amefunikwa shuka. Mama akainuka. Nilidhani atatukana, na nani angemlaumu? Mumewe alimwacha miaka yote ile akaenda kuoa kwenu, naye akabaki analima mpunga peke yake na kunilea mimi. Uliukita mtumbwi kwenye tope, ukasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo. Mimi ni Halima. Mama yangu amekufa. Baba amesema nimlete kwao."

Mama alimwangalia Baba. Tumbo lilikuwa limejaa maji, miguu imevimba, usoni yamebaki macho tu. Naye Baba akatabasamu. "Mama Raheli, hujambo?" akauliza, kana kwamba alikuwa ametoka dukani.

"Mleteni ndani," Mama akasema. Kisha akakugeukia. "Na wewe mtoto, umekula?"

Basi tukaishi, watu wanne katika nyumba moja ya makuti. Alfajiri wewe ulikuwa unatawadha nyuma ya jiko, unaswali kwenye mkeka wako, na upande wa pili wa ukuta Mama anasoma Zaburi kwa sauti ya chini. Baba katikati, macho kwenye makuti, anawasikiliza wote wawili. Nyama tuliyochinja sisi ulikuwa huli. Siku ya kwanza Mama alikuchinjia kuku, ukakaa na sahani yako bila kuigusa, machozi yanakulenga, unaona haya kusema. Mama alielewa. Kuku wa pili alimkamata mguu akampelekea Mzee Guyo, mfugaji Mwislamu, aliyekuwa anapitisha ng'ombe wake kwenda kunywa maji. Mzee yule akacheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi. "Mimi chinja, mtoto kula," alisema. "Mama huyu kanisa yake kubwa." Tangu siku ile, kila alipopita alikuwa anauliza kama kuna kuku.

Nayakumbuka hayo kwa sababu yalikuwa mema, na yalidumu kidogo sana.

Wewe ulimjua Baba kama Salimu. Mimi nilimjua kama Yohana. Huko nyuma, akiwa mtoto, wamisheni hawakumpa ubao wa kuandikia mpaka abatizwe, naye alitaka kusoma, akabatizwa. Alipokuwa mtu mzima akipandisha mchele kwenda kuuza Juu, akamwona mama yako, na wajomba zako wakamwambia hawamwozi asiyeswali, naye alimtaka, akatoa shahada. Kanisa likasikia, likamtenga. Hakugombana na mtu. Hakuna aliyewahi kumsikia Baba akigombana. Alikuwa mtu wa kuitikia.

Wa kwanza kuja alikuwa Mwinjilisti Buya. Alikuja na Biblia yake na koti lake jeusi katika joto lile, akaketi kwenye kigoda, akazungumza kwa upole. Mtu yule hakuwa mbaya, Halima. Nataka ulijue hilo. Aliamini kabisa kwamba Baba anazama, na kwamba yeye ndiye mwenye kamba. "Yohana," alisema, "mke yule Mungu amemwondoa. Hakuna kinachokuzuia sasa. Simama mbele ya ushirika, ungama, urudi mezani kwa Bwana, tukuzike na wenzako."

"Ndiyo, mwalimu," Baba akajibu.

Mwinjilisti alipotoka alisimama na Mama uani. Nilisikia. Alimwambia mpaka Baba atakapoungama, yeye Mama asije kwenye Meza ya Bwana, kwa kuwa analala chini ya paa moja na mtu aliyetengwa. Mama, ambaye hakuwahi kukosa Meza tangu akiwa msichana. Alijibu tu, "Nimesikia, mwalimu," akarudi kuchochea moto. Jumapili ile alikaa nyuma karibu na mlango, na wanawake aliokuwa akiimba nao walipita wakitazama chini.

Kisha akaja mjomba wako Athumani na vijana wake, mitumbwi imejaa. Walipiga kambi penye mikindu, kule msitu unakoanzia. Yeye pia alizungumza kwa upole, pale pale kwenye kigoda. "Salimu shemeji yangu, shahada uliitoa mkono wako umo mkononi mwangu. Nitajibu nini kesho mbele ya Mungu nikikuacha uzikwe na msalaba kichwani? Niahidi."

"Ndiyo, shemeji," Baba akajibu.

Tangu hapo nyumba yetu haikuwa tena nyumba. Wewe unajua. Ua uligawanyika bila mtu kuugawa: watu wa kanisa upande wa ghala, watu wa Juu upande wa mto. Waliketi kutwa nzima, hawasemezani, wanasikiliza kikohozi cha Baba. Kikiongezeka, migongo ilinyooka. Vijana wa kanisa walianza kupasua mbao nyuma ya jengo lao, na sauti ya msumeno ilifika mpaka kitandani. Baba aliuliza wanajenga nini. Jioni ile ile mjomba wako alileta sanda, bafta jeupe limekunjwa, akalitundika kwenye boriti juu ya kitanda, eti lisiliwe na mchwa. Baba akawa analala chini yake. Nilikuona ukilisogeza kila mara ulipokwenda kumpa maji, na kila mara mtu alilirudisha.

Zilikuwa siku mbaya hata bila hayo yetu. Malori yaliyofunikwa yalipita Garsen yakiwapeleka wafungwa wa bara kwenye kambi ya Wazungu huko Hola, na chifu alikuwa ametoa amri watu wasikusanyike. Mto nao ulianza kupanda kabla mvua haijanyesha kwetu, mwekundu, umebeba magogo kutoka nchi tusizozijua. Nyani walihama msitu wa karibu. Asubuhi ilikuwa kimya sana, ukisikia udongo wa ukingo unavyomeguka na kuanguka majini.

Halafu ikaja ile siku ya kilio cha uongo.

Baba alikuwa amepoteza fahamu tangu asubuhi. Kuelekea alasiri jirani yetu mmoja akaingia, akamgusa mguu, akauona baridi, akatoka nje akipiga mayowe. Wewe na mimi tulikuwa shambani kuchuma majani ya kunde. Tulikimbia mpaka pumzi zikatukatikia. Lakini kabla hatujafika, walikuwa wamekwisha kimbia wengine. Vijana wa kanisa walishika majembe wakaenda makaburini kwao. Vijana wa Juu walishika yao wakaenda ng'ambo ya njia, wakapima kibla. Kila upande ulijua kwamba atakayetangulia kuchimba ndiye atakayesema, kaburi liko tayari, tupeni mtu wetu. Walichimba kwa hasira, ardhi ikiruka. Na sisi tulipoingia ndani tukilia, tulimkuta Mama ameinamia kitandani, na Baba amefumbua macho.

"Nani amekufa?" aliuliza. "Mbona wanalia?" Kisha akaomba uji.

Ulicheka, Halima. Nakumbuka. Ulicheka huku unalia, na mimi nikacheka. Mama hakucheka. Alitoka uani akawatazama wale wazee wa pande zote mbili, akasema, "Nimesikia mmechimba. Haya, nendeni mkafukie."

Hakuna aliyekwenda.

Hapo ndipo hofu ilipoingia kijijini. Kwetu hata mtoto anajua: kaburi likichimbwa haliachwi wazi, na likiachwa wazi linatafuta. Wazee husema lifukiwe na mgomba ndani, lidanganyike kwamba limekula. Lakini kufukia, wakati ule, kulikuwa ni kukubali kushindwa. Watu wa kanisa walisema wafukie wa Juu kwanza. Watu wa Juu walisema wafukie wa kanisa. Waliweka walinzi wenye mapanga, kila upande unalinda shimo lake, na Baba yu hai, anakunywa uji. Na hata angekufa, lingeshiba moja. La pili je? Swali hilo kila mtu alikuwa nalo, na kila mtu aliwaangalia wagonjwa wake mwenyewe, wajawazito wake, watoto wake. Mbuzi wa mzee mmoja wa kanisa alianguka katika lile la makaburini akavunjika shingo. Watu wakashukuru, wakidhani limeridhika. Wiki hiyo hiyo mke wa mwalimu wa shule mimba ikamtoka, na hakuna aliyeshukuru tena. Mvua iliponyesha mashimo yote mawili yakaanza kujaa maji, na vyura wakaingia, ukiwasikia wakilia huku na wengine wakiwajibu kule.

Ni wewe uliyeniambia kwanza. Tulikuwa tunafua, tumekaa mbali na maji kwa sababu ya mamba, tunachota kwa kata. Ulisema bila kunitazama, "Dada, Baba ameniambia mimi. Amesema azikwe kwa sanda, aelekezwe kibla. Amenishika mkono akasema."

Nikaiweka kata chini. "Lini?"

"Juzi."

"Jana mimi ameniambia azikwe kanisani, karibu na bibi yetu. Amenishika mkono akasema."

Tulitazamana. Wala hatukukasirika. Nadhani tulikuwa tumekwisha mjua baba yetu. Kila aliyemkaribia alimpa alichokitaka, na alikuwa hasemi uongo, maana kwa dakika ile alikuwa anataka kweli. Wewe ukasema, "Twende tumwulize pamoja, mbele ya wote. Akisema mara moja, basi." Nikakubali. Tuliacha nguo kwenye beseni.

Na wote wakaja, kumbuka, wakajaa chumba kile mpaka mlangoni. Mama alimwinua Baba akamwegemeza kifuani pake. Mwinjilisti Buya akauliza kwanza: "Yohana, mbele ya Mungu na mashahidi hawa, unakufa katika imani uliyobatizwa?"

Baba akamtazama kwa huruma. "Ndiyo, mwalimu."

Watu wa kanisa wakasema Amina. Mjomba wako akasogea, akapiga goti. "Salimu, ndugu yangu. Unakufa Mwislamu?"

Nilimwona Baba akihangaika. Nakuapia, nilimwona. Jasho lilimtoka. Kisha akatabasamu lile tabasamu lake. "Ndiyo, shemeji."

Kelele iliyofuata unaijua. Mtu mmoja alisukuma, mwingine akashika shati, kigoda kikavunjika, na mlangoni panga likapita hewani likakata makuti ya paa badala ya kichwa cha mtu. Mama alimfunika Baba kwa mwili wake. Walipotolewa nje, chumba kikiwa kimya, alimlaza polepole kwenye mto akasema, si kwa hasira, "Mtu huyu hajawahi kusema hapana maisha yake yote. Leo hapana yake tutaisema sisi."

Akajifunga leso kiunoni. Akachukua jembe lake la mpunga.

Tulimfuata, wewe na mimi, mpaka kwenye makaburi ya kanisa. Walinzi walikuwa watoto wa marafiki zake, wengine aliwafundisha nyimbo. Walimpisha wakidhani anakuja kuomba. Alipoangusha bonge la kwanza la udongo ndani ya maji, vyura wakaruka, na mmoja wa wale vijana akakimbia kumwita Mwinjilisti. Mama hakuinua kichwa. Alivuta udongo kwa jembe, akavuta tena, mvua nyembamba ikimwagikia mgongoni. Watu walikusanyika. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemsaidia. Ulipotaka kusaidia alikuzuia kwa mkono. "Hapana, wewe. Watasema watu wa Juu ndio wamelifukia. Na Raheli naye akae. Atahitaji kuolewa."

Mwinjilisti Buya alifika anahema. "Mama Raheli! Unajua unachofukia? Hiyo ni nafasi ya mumeo katika ushirika wa watakatifu."

"Mwalimu," Mama akasema, "nafukia shimo."

"Kwa nini hili? Kwa nini si lile la wenzetu?"

"La wenzetu si langu. Mimi ni mtu wa kanisa hili. Hili ndilo ninaloweza kulifukia."

Akalifukia peke yake mpaka likawa sawa na ardhi, akalikanyaga kwa miguu, akaenda mtoni kunawa. Mgomba hakuweka. Baadaye wengi walilisema hilo.

Baba alikufa siku chache tu baada ya hapo, asubuhi, mkono mmoja kwako, mwingine kwangu, bila kuombwa ahadi nyingine yoyote. Watu wa Juu walimwosha, wakamvika lile bafta, wakamsalia, wakamlaza kibla. Sisi wanawake tulisimama mbali, penye migomba, na Mama katikati yetu. Milango ya watu wa kanisa ilikuwa imefungwa. Hakuna aliyepika siku ile kijijini, hakuna moshi. Na kesho yake mjomba wako akaja kukuchukua. Alisema damu yake haiwezi kubaki hapa, na sikuweza kumwambia kwamba amekosea, maana usiku uliotangulia mtu alikuwa amekata kamba za mitumbwi yao yote, wakaiokota asubuhi imenasa matetini. Ulikaa mbele, kanga umejifunika mpaka usoni. Ulikuwa hujatia kitu kinywani tangu mazishi. Mtumbwi ulipokwisha kuukabili mkondo, Mama aliingia majini mpaka magotini, yeye aliyetukataza kwa ajili ya mamba, akaita, "Halima! Usiache kula!"

Hiyo ndiyo mara ya mwisho ulipoisikia sauti yake.

Sasa nikujibu. Mama Mkubwa wako hayupo, mdogo wangu. Amefariki.

Baada ya kuondoka kwako kanisa lilimwita. Hawakumpigia kelele; walimsomea maneno, wakamwambia ametengwa mpaka atubu hadharani. Zile mbao za jeneza, kwa kuwa hazikupata mtu, walikuwa wamezitengeneza benchi, na benchi hilo wakaliweka nyuma, karibu na mlango, kwa ajili ya waliotengwa. Mama alilikalia kila Jumapili. Nilimwuliza kwa nini anakwenda. Alisema, "Nilitengwa na Meza. Sikutengwa na nyimbo." Lakini watu walianza kulikwepa hata benchi lenyewe. Walisema yule mwanamke alilifukia kaburi likiwa na njaa. Watoto waliokuwa wakija kwetu kula ndizi mbivu wakakatazwa. Alipopita njiani, mtu mmoja au wawili walimpisha kwa mbali, kama mtu apishavyo nyuki.

Halafu mafuriko yakaja. Tulihamia kwenye matuta na kuku wetu, mpunga wote ukaenda, na maji yalipopungua yakaja mbu na homa. Watu wengi waliugua wakapona. Mama aliugua asipone. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa kinangoja, Halima. Nilikuwa nalihisi. Walileta pole, wakachungulia, wakaondoka haraka, na machoni mwao niliona wanapiga hesabu, kwamba akifa yeye basi limeshiba na wengine wamesalimika. Kuna waliolala vizuri siku aliyokufa. Siwezi kuwachukia wote. Lakini nawajua.

Na wapi pa kumzika? Nilikwenda kwa Mwinjilisti. Alifunika uso kwa mikono yake, akasema hana ruhusa, aliyetengwa hazikwi miongoni mwa washiriki, laiti angekuwa ametubu hata kwa neno moja. Nilikwenda kwa wale Waislamu wachache walio hapa. Walinipokea vizuri, wakanikalisha, wakasema mama yako alitutendea wema mkubwa, lakini hakuwa wetu. Walikuwa sahihi wote. Nilirudi nyumbani nikamkuta Mzee Guyo ameketi mlangoni, fimbo magotini, anamlinda maiti peke yake.

Tulimzika shambani kwake, kwenye ukingo wa juu. Mzee Guyo alichimba na wanawe. Wanawake wa kanisa walikuja kwa njia za shambani, mmoja mmoja, kana kwamba wanakwenda kuchuma mboga, wakaimba midomo ikiwa imefungwa, sauti zinatokea puani. Mwinjilisti Buya alisimama njiani, kofia mkononi. Hakukaribia wala hakuondoka. Alisimama mpaka tukamaliza.

Hilo ndilo jibu lako, na lingetosha. Lakini kuna zaidi, na lazima nikwambie kwa sababu katika maneno uliyomfikishia mke wa Mzee Guyo ulisema pia kwamba unataka kuja na mtoto kuzuru kaburi la Baba.

Nilikuwa nimechumbiwa. Kijana mwalimu, mtu mpole, wa ukoo mzuri wa kanisa. Wazee wake walisema ndoa itafungwa, ila kwanza nisimame mbele ya ushirika niseme kwamba Mama alitenda dhambi, ili doa lisiingie nyumbani kwao. Jumapili iliyopita niliitwa. Nilisimama. Mwinjilisti aliuliza kwa sauti ambayo mwenyewe aliichukia. Nikawatazama wale waliokuwa wakimsubiri Mama afe. Nikamtazama mchumba wangu, akawa anatazama viatu vyake.

"Mama yangu hakukosa," nilisema.

Akaniuliza tena, ili nipate nafasi. Nikasema hivyo hivyo. Basi nikaonyeshwa benchi la nyuma. Halikaliki vizuri, Halima, mbao hazikupigwa randa. Mchumba wangu amerudisha salamu kwamba hatakuja tena.

Na mto unahamia kwetu. Tangu mafuriko umekata kona mpya, na kila siku unameza kipande cha shamba la Mama. Juzi mstari mzima wa migomba ulikwenda. Jana nilisimama kaburini nikasikia maji yakifanya kazi chini, ndani kabisa. Kesho asubuhi namhamisha. Wamekubali kunisaidia wanawake wachache, na Mzee Guyo, ingawa ameonywa. Wiki hii amemkuta ng'ombe wake mmoja amekatwa mishipa ya mguu. Vijana wa pande zote mbili wana bandari zao mtoni sasa, hapa na pale, hawateki maji mahali pamoja, na asubuhi wananoa mapanga wakisema ni ya shamba, wakati mashamba yako chini ya maji.

Mama nitamlaza uani, kati ya jiko na ghala. Pale si pa kanisa wala si pa msikiti, pale ni petu. Watu wamenijia wamenikanya. Wanasema nyumba yenye kaburi uani huita jingine, na humo ndani nimebaki mimi tu. Huenda wanasema kweli. Nimewasikiliza nikawapa maji ya kunywa.

Kwa hiyo usije. Natamani kumwona mtoto wako, lakini usije, si kwa mto, si kwa barabara, mpaka nikuite mwenyewe. Wasikudanganye kwamba kumetulia. Kumenyamaza tu. Mjomba Athumani akiisikia barua hii ikisomwa, namwomba kwa heshima yote, shikamoo mjomba, usimruhusu.

Na habari zangu zikikufikia kwa midomo ya watu, utasikia mengi. Ukisikia nimefukuzwa, usisikitike. Ukisikia nimekufa, usiulize nilizikwa upande gani. Uliza nani alikuja kunilaza.

Mbusu mtoto. Hukunitumia jina lake.

Mimi dada yako wa baba mmoja,
Raheli
Hewani